Kipande cha pafu ni ushahidi: nani anakichunga?

Mu mazungumzo na wakubwa wa kampani tunabishana sana juu ya mushahara, bus na chakula. Juu ya mapafu tunasema kidogo. Na juu ya chupa inayobeba kipande cha pafu la mgonjwa kwenda laboratwari, hatujasema neno hata siku moja. Safari hii sisi wajumbe wa sindika tunataka chupa hiyo iingie mu mapatano.

Tuseme ukweli kwanza. Silikozi, ule ugonjwa wa vumbi la mawe, mara nyingi unajulikana kwa radio ya kifua pamoja na historia ya kazi ya mutu. Hakuna haja ya kukata kila mgonjwa. Lakini kuna siku radio inaonyesha doa na munganga hawezi kujua: ni vumbi, ni kifua kikuu, ao ni kansa? Hapo anatoa kipande kidogo cha nyama. Kikiharibika njiani, mgonjwa anabaki na kidonda bila karatasi, na kampani inasema: "Ni sigara yake."

Kinaharibika namna gani? Nyama ikitoka mu mwili inaanza kuoza palepale, na joto letu haliisaidii. Inapaswa kuingia mara moja mu formoli ya 10 kwa 100, na formoli ishinde nyama mara kumi hivi kwa wingi. Maji ya serumu hayachungi nyama. Chupa iwe na mdomo mpana, maana nyama inaingia laini na inatoka ngumu. Pafu lina hewa, linaelea. Wanaojua kazi wanaweka kitambaa juu yake ili lizame. Na kama munganga anawaza kifua kikuu, kipande kingine kiwekwe mu chupa safi bila formoli, kwa sababu formoli inaua vijidudu na haviwezi tena kuoteshwa. Tunamjua mwenzetu mmoja wa kwenye mashine za kusaga mawe: chupa yake ilikaa mu ofisi siku nyingi ikingojea boni ya kulipa. Jibu lilirudi na mustari mmoja: nyama imeoza.

Laboratwari nayo ni kazi ya uvumilivu. Wanatoa maji mu nyama kwa alkoli, wanaipitisha mu ksileni, wanaiingiza mu parafini ya moto mpaka inakuwa kibonge kigumu sawa mshumaa. Mashine yenye kisu inakata vipande vya mikroni 3 hadi 5. Unywele wa mutu ni mnene kushinda hapo mara kumi na zaidi. Wanapaka rangi, buluu na roze, juu ya kioo. Mu mikroskopi munganga anaona makovu ya mviringo ya silikozi, na akiweka mwanga wa polarize, punje za vumbi la mawe zinang'aa. Lakini anaweza asiuweke kamwe, kama hakuna aliyemwambia kwamba mgonjwa ni mchimbaji. Karatasi inasema jina, umri, "pafu". Basi!

Afrika Kusini, sheria ya 1973 ya magonjwa ya migodi inaruhusu hata mapafu na moyo wa mchimbaji aliyekufa, familia ikikubali, vitiwe mu formoli na kupimwa, hata kama alikufa kwa ajali ya gari. Vumbi likionekana, familia inaweza kulipwa. Mara nyingi wanakuta ugonjwa ambao hakuna munganga aliuona mutu akiwa hai.

Kwetu, kuomba mapafu ya marehemu ni neno zito, na hatutamsukuma mjane wala wazee wa ukoo. Tunaomba mambo ya karibu. Kampani ilipe safari yote, tangu chupa mpaka jibu, bila kungojea boni. Karatasi iandike kazi ya mutu na miaka aliyokaa mu mavumbi. Vibonge vya parafini vichungwe. Vinakaa miaka mingi, na munganga mwingine anaweza kuvisoma tena kama kuna ubishi. Kopi ya jibu apewe mgonjwa mwenyewe, isibaki kwa munganga wa kampani peke yake.

Na wewe mama ambaye mume wako anaenda kukatwa, muulize munganga: chupa inatoka lini, inaenda wapi, na umeandika kwamba ni mchimbaji? Kama hakuna jibu, mpigie mjumbe wa sindika siku hiyohiyo. Kesho nyama imekwisha oza.