Kikosi changu naanza na Tikolo

Wadau, kila mashabiki wa kriketi hapa Mji Mkongwe wanapopanga kikosi bora cha dunia, majina ni yale yale: Tendulkar, Lara, Warne. Sawa, sibishi. Ila Steve Tikolo wa Kenya mnamwacha kwa lipi?

Naambiwa hakucheza hata testi moja, zile mechi za siku tano. Kweli, lakini hakukosa kiwango, nchi yake ndiyo haikupewa hadhi. Fainali ya Kombe la ICC 1997 aliwapiga Bangladesh mikimbio 147. Kenya ikafungwa kwa mpira wa mwisho, na mwaka 2000 Bangladesh wakapewa testi. Mwaka 2003 Kenya, yeye akiwa nahodha, iliwafunga Bangladesh hao hao ikafika nusu fainali ya Kombe la Dunia.

Ligi ya Kenya ilikuwa dhaifu, viongozi wakagombana. Hayo si makosa ya mpigaji.

Sisi Wazanzibari tungepaswa kuwa wa kwanza kuelewa: CAF ilitupokea Machi 2017, Julai ikatuvua uanachama. Wachezaji wetu walipungukiwa nini kwa miezi minne ile?

Tikolo ndani. Anayepinga alete hoja.