Eli Hakukosa Fimbo

Kisa cha kuhani Eli hakizeeki kwenye mimbari za Nakuru. Mhubiri akitaka kuwakanya wazazi walegevu, Eli ndiye wa kwanza kuitwa: mzee wa Shilo ambaye wanawe, Hofni na Finehasi, walipora nyama za sadaka na kulala na wanawake waliohudumu mlangoni pa hema, baba akibaki kunung'unika. Baada yake hufuata Mithali, sura ya 13, ya 22, ya 23 na ya 29, zote zikiitaja fimbo. Waumini huitikia amina. Watoto wa Sande skuli hutazamana.

Jioni yake mahubiri hayo hutafsiriwa kwa vifaa vya nyumbani: mwiko, ndara, mshipi, kijiti kilichovunjwa uani na, kwa wenye bidii zaidi, nyahunyo iliyonunuliwa makusudi. Kuanzia Bondeni hadi Kaptembwo, Free Area hadi Njoro, mama anayemchapa mtoto wa miaka minne hajioni mkatili. Anajiona mtiifu. Ndiyo maana anaposomewa sheria huitikia kwa heshima, kisha akarudi zake nyumbani na msimamo wake uleule.

Sheria yenyewe haina utata. Kiboko kiliondolewa shuleni mwaka 2001. Katiba ya Kenya ya 2010, kifungu cha 29, ikamlinda kila mtu dhidi ya adhabu ya viboko, na "kila mtu" hapo ni pamoja na mtoto aliyemwaga uji. Sheria ya Watoto ya 2001 ilikuwa imemwachia mzazi upenyo wa kutoa adhabu ya kadiri. Ilipofutwa na ile ya 2022, upenyo huo ukaenda nayo. Hata hivyo, kati ya sheria na sebule pana mwendo mrefu. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2010 uliwauliza vijana wa miaka 18 hadi 24 kuhusu utoto wao: asilimia 66 ya wasichana na asilimia 73 ya wavulana walikuwa wamepigwa au kuumizwa mwilini kabla ya kutimiza miaka 18. Katika nchi ambayo wengi hujitambulisha kuwa Wakristo, haiwezekani vipigo vyote hivyo vikawa vilitolewa na wapagani.

Kwa hiyo hoja ikutane na mzazi huyu pale aliposimama, yaani kwenye Biblia. Na Biblia, ikisomwa mpaka mwisho wa sura, humdai kitu kilicho ghali kuliko fimbo. Inamdai saa zake.

Tuanze na huyohuyo Eli. Kosa lake halikuwa kukosa kuwachapa watoto. Hofni na Finehasi wakati huo walikuwa makuhani, watu wazima wenye madaraka. Eli aliwakemea kwa mdomo, lakini hakuwaondoa kazini, na Maandiko yanatoa sababu ambayo wahubiri huipita haraka: yeye na nyumba yake walinenepa kwa zile nyama zilizoporwa. Alikuwa mnufaika. Alipofikishiwa habari ya vita akiwa na miaka 98, alianguka kutoka kitini akavunjika shingo, na mwandishi anaongeza kwamba alikuwa mzito. Huo ni ufisadi wa ofisini ulioingia katika familia, jambo ambalo msomaji wa Kenya hahitaji kufafanuliwa.

Ajabu ni kwamba Eli huyo ndiye aliyemlea Samweli. Mtoto aliletwa na mama yake Hana mara tu alipoachishwa kunyonya. Usiku ule wa wito, mtoto alimwamsha mzee mara tatu kwa jambo ambalo mzee hakulisikia. Hakufokewa wala hakupigwa kofi. Mara mbili aliambiwa arudi akalale. Mara ya tatu mzee alitulia, akatambua kinachoendelea, akamwelekeza la kufanya. Wazazi wangapi wanaoamshwa mara tatu usiku na mtoto asiyeumwa hufanya hivyo? Mafanikio ya Eli katika malezi yapo ukurasa mmoja tu baada ya aibu yake, na mimbarini hayatajwi sana.

Samweli naye alikuja kuwa mtumishi wa kusafiri: kila mwaka alizunguka Betheli, Gilgali na Mispa akiwaamua watu. Wanawe Yoeli na Abiya wakawa waamuzi wala rushwa huko Beer-sheba. Biblia haisemi kwamba ziara za baba ndizo zilizowaharibu, na si haki kuilazimisha iseme. Lakini wachungaji wenye mikutano kila wikendi wangeweza kukisoma kisa hicho polepole. Kuhusu Daudi, inaelezwa kwamba mwanawe Adonia alijitangaza mfalme huku baba yake akiwa hajawahi kumuuliza sababu ya mwenendo wake. Kilichokosekana hapo kilikuwa swali. Na mwana wa Sulemani, ambaye jina lake limebeba Mithali zenyewe? Rehoboamu aliombwa na watu awapunguzie mzigo. Akawajibu kwamba baba yake aliwapiga kwa mijeledi, yeye angewapiga kwa nge. Makabila kumi yakaondoka siku hiyo. Mtoto wa mwenye fimbo alijifunza fimbo tu.

Bonde hili la Ufa lina kumbukumbu yake ya mijeledi, nayo haikutoka Kanaani. Juni 1923 kijana aitwaye Kitosh, mfanyakazi wa mlowezi Jasper Abraham huko Molo, alitumwa kumrudisha farasi jike kutoka stesheni. Aliagizwa amwongoze, asimpande. Akampanda. Habari ilipomfikia bwana, Kitosh alichapwa Jumapili alasiri, akafungwa kamba ghalani, na usiku huo akafa. Mahakama Kuu iliketi Nakuru, katika ukumbi wa Railway Institute, mwezi Agosti. Baraza la Wazungu watupu likaamua kwamba kosa lilikuwa kumjeruhi vibaya na wala si kumuua, na Abraham akapewa kifungo cha miaka 2. Mwandishi Karen Blixen alikisimulia kisa hicho katika kitabu chake Out of Africa cha mwaka 1937.

Mlowezi wa enzi hiyo alimwona Mwafrika mzima kama mtoto, na kiboko kama malezi. Dola ilikubaliana naye: hakimu aliweza kuamuru mtu achapwe, na adhabu hiyo haikufutwa katika sheria za Kenya hadi 2003. Tunaposema "sisi tulilelewa kwa kiboko na tukanyooka", inafaa tujiulize ni urithi wa nani tunaoutetea. Kweli, wazee wa Kikuyu na wa Kikalenjin walikuwa na fimbo zao kabla ya reli kufika. Hakuna haja ya kupaka utoto wa mababu asali. Lakini fimbo hiyo ilikaa ndani ya boma lenye watu. Mtoto aliyezidiwa alikuwa na nyanya wa kumkimbilia, na mjomba wa kuingilia kati. Mtoto wa chumba kimoja Karagita, mlango ukishafungwa, hana pa kukimbilia.

Karagita yenyewe ieleweke. Ni makazi yaliyokua kando ya Ziwa Naivasha pamoja na mashamba ya maua, ambayo wafanyakazi wake wengi ni akina mama. Wiki za kuelekea Siku ya Wapendanao, waridi likihitajika Ulaya, kazi huanza mapema na kuisha kwa kuchelewa. Mtoto wa miaka mitatu huachwa kwa mama wa mtaa anayelea watoto kwa malipo ya siku. Mama yake anarudi miguu imevimba, anakuta kosa lililofanyika saa nne asubuhi, naye anatoa adhabu saa mbili usiku. Mtoto wa umri huo hajui anapigiwa nini. Anachojua ni kwamba mama amekuja, na mama kuja ni maumivu.

Sasa ifunguliwe Kumbukumbu la Torati, sura ya 6. Hapo mzazi anaagizwa kuwafundisha watoto aketipo nyumbani, atembeapo njiani, alalapo na aondokapo. Agizo hilo ni ratiba ya siku nzima. Linamdhania mzazi aliyepo mtoto anapoamka na anapolala, na mwenye safari ya miguu ya kutosha kujibu maswali. Uchumi wa Bonde umeivunja ratiba hiyo kwa akina mama wa maua na kwa akina baba wa matatu na malori ya barabara kuu inayopita Nakuru. Hapo fimbo huingia kama njia ya mkato: hufanya kwa dakika moja kilichohitaji jioni tatu. Kumlaumu mama wa Karagita na kumwacha mwajiri wake ni uonevu, na kanisa linalotaka watoto wenye adabu lingepaswa kuuliza pia saa za zamu.

Lakini si kila asiyekuwepo amezuiwa na umaskini. Tabaka la kati la mji huu lilizoea kupeleka watoto wadogo shule za bweni ili "wapate nidhamu". Novemba 2022, katibu wa elimu ya msingi, Belio Kipsang, alipotangaza kwamba bweni lingeondolewa kwa gredi ya kwanza hadi ya tisa, kelele zilipigwa na wazazi miongoni mwa wengine. Kuna sababu halali za bweni, hasa kwa jamii za kuhamahama na kwa watoto walio hatarini nyumbani. Kumpeleka mtoto wa miaka saba kwa sababu anasumbua si mojawapo.

Watetezi wa kiboko wana hoja yao kuu: tangu kiondolewe shuleni, watoto wameharibika. Januari 2021, baada ya mwanafunzi kuwashambulia walimu kwa kisu huko Kisii, marehemu George Magoha, Waziri wa Elimu wakati huo, mwenyewe alisema anaunga mkono kirudishwe. Kumbukumbu zetu ni fupi. Mwaka 1991 katika shule ya St. Kizito, Meru, wavulana walivamia bweni la wasichana na wasichana 19 wakafa. Mwaka 1999 viranja wanne wa Nyeri High waliteketezwa na wenzao. Machi 2001 moto wa shule ya Kyanguli uliua wavulana 67, kiboko kikiwa ndiyo kwanza kinaaga madarasani. Vijana wote hao walikuwa wamelelewa na kusomeshwa kwa fimbo.

Utafiti unasema vivyo hivyo kwa lugha ya takwimu. Mwaka 2016, Elizabeth Gershoff na Andrew Grogan-Kaylor walichambua tafiti za miaka hamsini zilizohusu watoto zaidi ya 160,000. Kuchapwa, hata kwa kiganja tu, kuliandamana na ukaidi zaidi na matatizo zaidi ya afya ya akili, si utii zaidi.

Na imani haihitaji kuogopa mahakama inayokataza kuchapa. Afrika Kusini, shirika la Kikristo lilikwenda mahakamani kutetea haki ya mzazi kumchapa mtoto kwa kadiri. Septemba 18, 2019, Mahakama ya Katiba ililikataa ombi hilo kwa kauli moja. Aliyeandika hukumu alikuwa Jaji Mkuu Mogoeng Mogoeng, mlokole asiyeficha wokovu wake na mhubiri yeye mwenyewe.

Upande wa pili wa mizani, Marekani, binti aliyeasiliwa kutoka Ethiopia alikufa Mei 2011 uani kwa wazazi wake wa kulea katika jimbo la Washington, kwa baridi na njaa, baada ya miezi ya kuchapwa na kufungiwa. Wazazi hao, Wakristo waliowasomesha watoto nyumbani, walikuwa na kitabu cha malezi kinachohimiza kuchapa kwa kipande cha mpira wa bomba. Walipatikana na hatia mwaka 2013. Mzazi wa kawaida wa Lanet hafiki huko, na hapaswi kutukanwa kana kwamba amefika. Ila fundisho la kuvunja utashi wa mtoto halina breki.

Mtoto apewe mipaka. Hilo halina mjadala, na wazazi wanaoacha simu imlee mtoto wamekosa kama wale wa nyahunyo. Waswahili walisema mchelea mwana kulia hulia yeye, na mtoto hulia hata anaponyang'anywa simu, anapolazwa mapema, anapoambiwa aokote alichotupa. Mzazi akiyavumilia machozi hayo bila kubadili neno lake, siku baada ya siku, hiyo ndiyo nidhamu. Inachosha kuliko mshipi. Inahitaji pia baba awe zaidi ya tishio la "ngoja baba yako afike". Paulo, akiwaandikia Waefeso na Wakolosai, aliwageukia akina baba moja kwa moja akiwaonya wasiwachokoze watoto mpaka wakate tamaa. Kwa Wakolosai, mstari huo unafuata mara baada ya ule wa watoto kuwatii wazazi. Wahubiri wengi hukomea kwa watoto.

Makanisa ya Nakuru yana watu na vyombo vya kuanza kazi hii: vyama vya akina mama, vikundi vya wanaume, jumuiya ndogondogo, darasa la wazazi kabla ya ubatizo au kuwekwa wakfu kwa mtoto. Somo la kwanza la darasa hilo liwe 1 Samweli, sura ya 2 na ya 3, zisomwe zote mbili, mbele ya baba na mama pamoja. Mchungaji atamke wazi, kwa sauti ileile aliyoitumia kusoma Mithali, kwamba kuchapa mtoto kumekoma katika sheria na kukome katika nyumba za waumini. Na kwenye ubao wa matangazo, kando ya harambee na ratiba ya kwaya, ibandikwe namba ya simu ya kuwasaidia watoto Kenya: 116, haina malipo.