Mashine ya Boti Msimu wa Kusi: Mkono Wetu au Mkono wa Fundi?



Kusi likivuma na bahari ikachafuka, boti nyingi ndogo za mwambao wetu hupandishwa pwani, na mashine zake hufunguliwa zikawekwa mpaka bahari itulie. Katika nchi za baridi kali huchelewa maji yasije yakaganda ndani ya mashine yakapasua chuma. Kwetu sisi adui ni chumvi iliyosalia ndani na petroli iliyolala miezi.

Je, tuihifadhi wenyewe au tumlipe fundi? Twasema: kuosha na kupaka mafuta ni kazi ya mwenye boti, kufungua vya ndani ni kazi ya ajuaye.

Mwenye boti autie mguu wa mashine katika pipa la maji matamu, mahali pa wazi, mbali na jiko na watoto, aiwashe kwa dakika 10 hivi ili chumvi itoke. Kisha achomoe mpira wa petroli, aiache mashine ingurume hadi izime yenyewe, kabureta isibaki na petroli. Apake grisi mhimili wa rafadha, na mashine aiweke wima.

Lakini akibadilisha oili ya gia akaiona yatoka nyeupe kama maziwa, ajue maji yamepenya. Hapo asimame, amwite fundi. Ikiachwa hivyo hadi kaskazi, kutu itakula gia, na gharama itazidi ujira alioukwepa.

Na hapa pana haki za watu. Mashine nyingi ni za ushirika, au zina fungu la mjane na mayatima. Aliyenayo mkononi ni mwenye amana: ikiharibika pasi na uzembe wake, hadaiwi, akiifungua bila ujuzi wala idhini ya wenzake ikaharibika, ni juu yake kulipa. Na ajitiaye ufundi asioujua, naye hudhamini alichokiharibu.

Basi enyi mama, wenye kushika matumizi ya nyumba, tengeni fungu la fundi mapema, samaki wangali wapatikana. Ujira ukubaliwe kabla ya kazi, na amalizapo apewe bila kuzungushwa.

Twamuomba Mwenyezi Mungu awahifadhi mabaharia wetu na azibariki riziki zetu. Wabillahi tawfiq.