Tumbo la Askari Si Shimo la Taka



Naomba nafasi katika kurasa zetu za Kiswahili nipate kusema neno juu ya Askari. Wanafunzi wenzangu wamjua. Na ninyi wanafunzi wa zamani mliokuja Siku ya Wageni, ndiye yule mbwa mwekundu aliyelala chini ya meza zenu akipokea mifupa ya kuku. Mlipokwisha kuondoka alitapika siku mbili, akawa akijikamua kwenda choo bila kufaulu, huku akilia kama mtoto. Mfupa uliopikwa huvunjika vipande vyenye ncha, ukachoma matumbo au ukayaziba. Siwalaumu ninyi peke yenu, kwa maana mfupa wa kwanza naliutupa mimi.

Wengi wetu husema, "Mbwa ni mbwa, hula chochote." Maneno hayo ni kweli nusu. Mwaka 2013 wataalamu wa Sweden walionyesha kwamba mbwa, kuliko wale mbwa-mwitu wa nchi za baridi alikotoka, ana nakala nyingi zaidi za jeni inayomwezesha kuyeyusha wanga. Kwa hiyo posho yetu si adui wa Askari. Ubaya uko katika namna tumpavyo.

Angalieni kalenda ya shule. Wakati wa likizo Askari hulishwa na mlinzi wa usiku, posho kidogo na dagaa, kila jioni saa ileile. Muhula ukifunguliwa, siku ya kwanza tu, humwagiwa mabaki ya sahani ishirini: maharage, mafuta, chapati, na mikate tuliyotoka nayo nyumbani. Mihula mitatu mfululizo nimemwona akihara juma la kwanza, nasi twasingizia mvua! Ndani ya matumbo ya mbwa mna vijidudu vinavyomsaidia kuyeyusha chakula alichozoea. Chakula kikibadilishwa ghafula huvurugika, na kile kisichoyeyushwa huvuta maji, basi mbwa akahara. Chakula kipya yafaa kichanganywe na cha zamani, kidogo kidogo, kwa muda wa siku 7 hivi.

Mchuzi wetu nao umejaa vitunguu, ambavyo hata vikipikwa huharibu chembe nyekundu za damu ya mbwa. Mchuzi huo asipewe kabisa.

Lakini jambo lililonifanya nishike kalamu ni mbuzi wa karamu ya kufunga shule. Pafu moja lilikuwa na vifuko vya maji, likatupwa nyuma ya jiko, naye Askari akalila bichi huku sisi tukicheka. Ndugu zangu, vifuko vya namna hiyo mara nyingi huwa na watoto wa tegu. Mbwa akivila, tegu hao hukua matumboni mwake, wadogo wa milimita chache tu, naye haonyeshi ugonjwa wo wote. Mayai yao hutoka na kinyesi, yakashika manyoya. Mtu akimpapasa mbwa kisha akala bila kunawa, aweza kuyameza, na vifuko vikaota katika ini lake au mapafu yake kwa miaka mingi kabla hajajua. Jirani zetu wa Turkana, kule Kenya, wamepata taabu kubwa kwa ugonjwa huu. Nami kila jioni nawaona vijana wa Kidato cha 1 wakimkumbatia Askari mlangoni pa bweni, karanga mkononi.

Rafiki yangu mmoja asema dawa ni kumfukuza. Hasha! Askari hakujitupia pafu lile. Na usiku ule wezi walipofika kwenye ghala ya chakula, hatukuamshwa na kengele.

Mwingine atauliza kwa nini nishughulikie chakula cha mbwa hali sisi wenyewe twanung'unikia chetu. Namjibu kwamba nitakalo mimi halihitaji fedha nyingi. Bakuli moja, asubuhi na jioni, posho na dagaa au nyama iliyochemshwa isiyo na mfupa wala kitunguu, na maji safi daima. Matumbo ya mnyama yenye vifuko yazikwe shimo refu, na yale mazima yachemshwe nusu saa kabla hajapewa. Dawa ya minyoo apewe kila miezi 3 na daktari wa mifugo. Akihara damu, apelekwe kwake siku ileile, na mtu asithubutu kumpa vidonge vya maumivu vya watu.

Orodha ya zamu nimeibandika mlangoni pa jiko. Jumatano na Jumamosi bado hazina majina.

Mwanafunzi wa Kidato cha 5