Tovuti Inapohama, Wasomaji Wasipotee Njiani



Mwezi huu tunaiacha kidogo habari ya jikoni na ya kitandani mwa mgonjwa, tuzungumze juu ya jambo ambalo siku hizi limeingia katika vikundi vyetu vya akina mama, shule zetu za awali na zahanati zetu ndogo, yaani tovuti. Wengi tunazo. Zilitengenezwa na kijana wa jamaa miaka kadhaa iliyopita, na sasa zimechakaa, au jina la kikundi limebadilika, au mwenye seva amepandisha bei. Basi tunaamua kuhama. Mara nyingi, mwezi mmoja baada ya kuhama, wageni wamekwisha. Tovuti mpya inapendeza, ina picha nzuri, lakini haitembelewi na mtu.

Sababu ni kwamba wageni wengi hawaingii kwetu kwa mlango wa mbele. Hebu mfikirie mama mwenye mtoto wa wiki tatu. Ni saa nane za usiku na mtoto ana joto kali. Mama huyo hajui jina la kikundi chetu, wala hana haja nalo. Anaandika katika simu yake "mtoto mchanga ana homa", na Google inamletea ukurasa mmoja tu kati ya kurasa zetu zote, ule unaosema kwamba homa kwa mtoto wa chini ya miezi 2 ni ya kupelekwa hospitali sasa hivi, si ya kungoja asubuhi. Google inaujua ukurasa huo kwa anwani yake ya zamani. Tukihama bila kuacha maelekezo, mama anakuta namba 404, ambayo ndiyo lugha ya seva ya kusema "hakuna kitu hapa". Anaufunga na kufungua wa pili katika orodha. Huo wa pili huenda ni wa mtu anayeuza mizizi ya kuchemsha.

Kupotea kwa kurasa si jambo dogo. Mwaka 2024 taasisi ya Pew Research Center ya Marekani ilieleza kwamba katika kurasa za intaneti zilizokuwapo mwaka 2013, asilimia 38 hazikupatikana tena miaka kumi baadaye. Naye Tim Berners-Lee, aliyebuni mtandao huu wa kurasa, aliwasihi wenye tovuti tangu mwaka 1998 wasibadilishe anwani ovyo. Kwa hiyo swali la kwanza la kumwuliza fundi ni hili: je, ni lazima anwani zibadilike? Ikiwa tunahamia seva nyingine tu na jina linabaki lile lile, kurasa zinaweza kubaki na anwani zake zile zile, na Google haina haja ya kujifunza kitu kipya. Hapo seva ya zamani iachwe ikifanya kazi mpaka wageni wote wawe wanafika kwenye mpya, na barua pepe za kikundi ziangaliwe zisikatike. Basi.

Ikiwa jina linabadilika, kazi ni kubwa zaidi, na inaanza na daftari. Sisi tunaojitolea katika huduma ya mama na mtoto tulipohamisha tovuti yetu, tulikuwa na kurasa zaidi ya 100. Tulichora safu mbili. Upande wa kushoto tuliandika anwani ya kila ukurasa wa zamani, upande wa kulia anwani yake mpya. Kurasa tulizipata katika ramani ya tovuti, na pia katika Google Search Console, chombo cha bure ambacho humwonyesha mwenye tovuti ni kurasa zipi watu wanazifikia na wametafuta maneno gani. Hapo ndipo unapojifunza unyenyekevu! Ukurasa wa historia ya kikundi, uliotugharimu vikao vitatu, haukuwa na wasomaji. Ule wa matiti kujaa maziwa, ulioandikwa kwa jioni moja, ndio uliokuwa ukisomwa kila siku.

Kijana aliyetusaidia alitutazama tukiandika, akacheka kidogo. "Mama zangu, mnajichosha bure. Tuzielekeze kurasa zote kwenye ukurasa wa mbele, mtu atatafuta mwenyewe."

"Mwanangu," tukamjibu, "mgonjwa akihamishwa wodi, ndugu zake huambiwa wodi gani na kitanda gani. Hawaambiwi waende langoni wakaulize upya."

Alikubali, na ukweli ni kwamba Google nayo ina mawazo hayo hayo. Kurasa nyingi zikielekezwa zote mahali pamoja pasipohusiana nazo, huzihesabu kana kwamba hazipo. Ukurasa wa homa uende kwa ukurasa wa homa, na wa chanjo kwa wa chanjo. Ule ambao tumeuondoa kwa makusudi, usio na mwenzake katika tovuti mpya, ni afadhali useme wazi kwamba haupo kuliko kumpeleka mtu asikokutaka.

Maelekezo yenyewe huwekwa katika seva, na yana namba. Namba 301 maana yake ukurasa umehama moja kwa moja. Namba 302 maana yake umehama kwa muda. Kwa msomaji hakuna tofauti, atafikishwa tu. Kwa Google tofauti ipo, kwa sababu 301 ni ishara yenye nguvu kwamba anwani mpya ndiyo ya kuonyeshwa watu. Mwulizeni fundi wenu ameweka ipi, na msiridhike na jibu la "msijali". Tena yasiwe maelekezo ya kurukaruka, ukurasa wa kwanza kupeleka wa pili na wa pili kupeleka wa tatu. Roboti ya Google hufuata hadi hatua 10 kisha huacha, na mwenye simu ya intaneti dhaifu huchoka mapema kuliko roboti. Viungo vya ndani ya tovuti navyo virekebishwe, vielekee moja kwa moja kwenye anwani mpya.

Jambo jingine limeziua tovuti nyingi nzuri. Tovuti mpya inapojengwa, mafundi huificha isionekane katika utafutaji, kwa alama iitwayo noindex au kwa faili la robots.txt, na hufanya vema, kwani bado haijakamilika. Siku ya kufungua, alama hiyo husahaulika mahali pake. Tovuti inaonekana kwa kila anayejua jina lake, wenyewe wanapongezana, kumbe Google imekatazwa kuingia. Mtu mmoja apewe kazi ya kuhakikisha imeondolewa siku ile ile, na si yule aliyeiweka.

Baada ya hapo, katika Search Console kuna mahali pa kuijulisha Google kwamba tovuti imehama kutoka jina hili kwenda jina lile. Ni lazima uwe umethibitishwa kuwa mwenye tovuti zote mbili. Peleka na ramani ya tovuti mpya. Kisha subiri. Wiki za kwanza idadi ya wageni hupanda na kushuka kama joto la mgonjwa wa malaria, na huo si wakati wa kubadilisha maelekezo tena kwa wasiwasi. Kwa tovuti ya ukubwa wa kati, kurasa nyingi huchukua wiki chache kutambuliwa mahali papya. Kila siku chache fungueni anwani kadhaa za zamani, hasa zile zilizokuwa na wasomaji wengi, mwone kama zinafika.

Sasa tuseme juu ya jina la zamani, maana hapa tunaona akina mama wakiumizwa. Jina la tovuti hukodishwa, na lisipolipiwa kwa wakati huachwa, na yeyote anaweza kulichukua. Wapo wanaongojea majina ya namna hiyo kwa hamu, hasa ya mashirika ya huduma, kwa sababu yalikuwa yakiaminiwa. Leo ni tovuti ya lishe ya watoto, kesho ni ya kamari, kwa jina lile lile. Machi 2024 Google ilitangaza kanuni dhidi ya mchezo huo, lakini kanuni haiwezi kufuta jina lililochapishwa katika kadi mikononi mwa wazazi. Google inashauri maelekezo yaachwe angalau mwaka 1. Sisi tunasema jina lenyewe lilipiwe muda wote ambao kadi hata moja bado iko mtaani.

Hakikisheni pia jina limeandikishwa kwa nani. Letu tulilikuta limeandikishwa na fundi wa zamani kwa jina lake mwenyewe, pamoja na barua pepe yake, na alikuwa amekwisha hamia mji mwingine. Ilituchukua miezi miwili ya simu, na shemeji mmoja mwenye maneno matamu, hata akakubali kulihamishia kwa kikundi. Bila yeye daftari letu lote lisingefaa kitu, kwa kuwa asiye na jina la zamani hawezi kuweka maelekezo juu yake.

Sasa majina yote mawili yako kwa jina la kikundi, kwa barua pepe ambayo viongozi watatu wanaifungua. Tarehe za kuyalipia zimeandikwa katika kitabu cha mweka hazina, chini ya kodi ya ukumbi.