Ndoo Moja ya Jioni

Kaskazi imeshika. Hapa Dar es Salaam jua la Januari na Februari linaanza kuchoma tangu saa mbili asubuhi, na ikifika saa sita hata kuku wamejibanza chini ya mwembe. Huu ndio wakati ambao bustani nyingi za nyumbani hufa. Mchicha uliooteshwa kwa mvua za vuli na kuchumwa hadi Desemba sasa umetoa maua, majani yamekomaa, na mwenyewe anasema basi, tusubiri masika. Tuta linaachwa. Wiki mbili baadaye limekuwa mahali pa kutupia vifuu vya nazi, na nyumba nzima inamsubiri muuza mboga mwenye tenga nyuma ya baiskeli, huku fungu likizidi kupungua kwa bei ileile.

Naomba tuta hilo lisiachwe.

Najua jibu litakalonijia kwanza ni maji. Bomba halitoki kila siku, na dumu la kununua huwezi kulimimina kwenye mchicha wakati watoto hawajaoga. Ni kweli, wala sikuombi ufungue bomba. Nakuomba uende ukasimame karibu na karo la nyumba yako kwa siku moja, uangalie yanayomwagika hapo: maji ya kuoshea mchele, ya kusafishia mboga, ya kunawia mikono kabla ya chakula, ya mwisho ya kusuuzia vyombo. Katika nyumba ya watu watano si vigumu kupata ndoo ya lita 20 kwa siku. Sasa tupige hesabu. Kwa jua kama hili, mita moja ya mraba ya mboga huhitaji lita 5 hadi 6 hivi za maji kwa siku. Ndoo hiyo moja basi inatosha tuta la upana wa mita moja na urefu wa mita tatu. Kila jioni tunamwaga tuta zima la mboga kwenye mtaro.

Nyumbani kwetu tuliweka ndoo kuukuu pembeni ya karo, na tangu hapo anayeosha chochote anajua yanakokwenda maji. Jambo la kuangalia ni sabuni. Maji ya kwanza ya kufulia, yenye povu zito, yapite zake. Ya suuzo la mwisho yanafaa. Maji yaliyotiwa dawa ya kung'arishia nguo usiyaguse kabisa. Mimina kwenye udongo, taratibu, karibu na shina, si juu ya majani, na mboga ya kuliwa mbichi kama kachumbari iipishe ndoo hii kabisa, ipewe maji safi. Halafu ndoo isilale na maji. Mji huu umepata milipuko ya dengi mwaka 2014 na tena 2019, na mbu anayeieneza huzaliana katika vyombo vyetu wenyewe vilivyoachwa wazi uani. Kinachopatikana leo kimwagwe leo, jua likishatua.

Wakati wa kumwagilia una uzito wake. Maji ya saa saba mchana huondoka na joto kabla mzizi haujayaonja. Ya jioni hukaa usiku kucha. Ukifunika udongo kwa matandazo, iwe nyasi kavu, majani ya mgomba au makuti yaliyochakaa, utachimba kwa kidole kesho yake asubuhi na kukuta unyevu bado upo. Mimi naamini matandazo ndiyo nusu ya bustani ya kiangazi, na ndiyo tunayoyafagia kila asubuhi na kuyachoma moto.

Tupande nini basi? Tupande kinacholipenda jua. Nyanya katika joto hili ni kazi ya mwenye muda: kuna utitiri mwekundu, kuna kantangaze, yule mdudu aliyeingia nchini miaka ya karibuni na kuwatesa wakulima. Mchicha hauna shida hiyo kubwa. Mchicha na mgagani ni mimea ya nchi za joto kwa maumbile yake. Pale mingine inaponyauka, hii inakua. Mbegu yake ni ndogo kama punje za mchanga, kwa hiyo ichanganye na mchanga mkavu ndipo uisie, isije ikaangukia mahali pamoja. Baada ya wiki tatu au nne unachuma. Usiing'oe yote, kata juu ya vifundo vya chini, itachipua tena. Na mashina mawili matatu yaliyo bora yaache yatoe maua na kukauka. Shina moja la mchicha hutoa maelfu ya mbegu, zaidi ya utakazohitaji wewe na mtaa wako.

Bamia nayo huvumilia. Matembele ndiyo hayana mfano: rando la urefu wa shubiri moja au mbili, likizikwa nusu katika udongo wenye unyevu, linashika mizizi ndani ya siku chache, na likishatambaa linajifunika lenyewe ardhi yake. Asiye na uwanja ana kiroba. Wakazi wa Kibera, Nairobi, wamelima sukumawiki katika magunia yaliyosimamishwa mlangoni, wakitoboa pembeni na kuchomeka miche kuzunguka gunia zima, mahali ambapo hakuna hata hatua moja ya ardhi iliyo wazi. Wapangaji wa Manzese na Mbagala wanaweza pia.

Hapo nawageukia wenye nyumba. Mtindo wa siku hizi ni kusakafia uwanja wote kwa vitofali, ukuta hadi ukuta. Unapendeza kwa macho, lakini mchana unarudisha joto ndani ya vyumba, na mvua ikinyesha maji hayana pa kuingia, yanakimbilia kwa jirani wa bondeni. Tafadhali bakizeni mita tatu karibu na karo. Na mpangaji akiomba kuweka viroba vyake vitatu ukutani, aruhusiwe bila kinyongo. Walimu wakuu nao: bomba la kunawia mikono pale shuleni linatiririsha maji mahali fulani kila siku ya masomo. Mahali hapo panafaa tuta.

Ninasema haya kwa sababu ya sahani. Shirika la Afya Duniani linashauri angalau gramu 400 za mboga na matunda kwa mtu kwa siku, na wengi wetu hatufiki hapo, hasa miezi ambayo fungu la mboga linapanda bei. Kinachokatwa kwanza kwenye bajeti ya nyumba ni mboga. Ugali unabaki, dagaa wanabaki, kijani kinaondoka. Watoto ndio wanaokikosa. Isitoshe, mboga ya nyumbani unajua imenywa maji gani. Watafiti wamewahi kupima mboga zinazolimwa kando ya mto Msimbazi na kukuta ndani yake madini mazito kama risasi. Simlaumu mkulima wa bondeni, maana mto ule tumeuchafua sote. Nasema tu kwamba mchicha wa mlangoni umenywa maji ya mchele wako mwenyewe.

Masika ya pwani huanza mnamo katikati ya Machi. Tusiyangoje. Wewe ambaye matembele yako bado yako hai, kata marando kumi jioni hii, yafunge kwa kamba, uyalowanishe, umpelekee jirani. Umwambie ayazike kabla hajalala, na umwoneshe pa kuweka ndoo.