Klabu Haina Mchezaji wa Kuuza

Dirisha la usajili likifunguliwa tu, vijiweni na redioni inarudi hoja ileile: mchezaji akishasaini ni mali ya klabu, nayo itampeleka inakotaka. Hata viongozi wenye wanasheria wao huisema bila kusita. Ni uongo, na unaumiza vijana.

Deni linahamishika. Benki inaweza kuiuzia kampuni nyingine haki ya kukudai, na kiasi unachodaiwa kikabaki kilekile. Kazi ya mtu haihamishwi hivyo. Mwaka 1940, katika kesi ya Nokes, Baraza la Malodi la Uingereza, likikaa kama mahakama ya juu, liliamua kwamba mchimba makaa ya mawe hakuwa mfanyakazi wa kampuni mpya eti kwa sababu ilichukua mali zote za mwajiri wake. Hakuulizwa, hakukubali. Lord Atkin alisema haki ya kumchagua unayemtumikia ndiyo hasa inayomtenga mtumishi na mtwana.

Soka halikujiondoa kwenye msingi huo. Klabu zikikubaliana ada, ile ya zamani inalipwa ili imwachie mchezaji kabla mkataba haujaisha. Mkataba mpya anausaini yeye, na asiposaini hakuna uhamisho. Hata kwa mkopo, kanuni za FIFA zinataka makubaliano ya maandishi kati ya klabu hizo mbili, na mkataba ambao mchezaji mwenyewe anausaini na klabu mpya.

Najua nitatajiwa Feisal Salum, yaani Fei Toto. Alipotangaza kuvunja mkataba na klabu ya Yanga Desemba 2022, Shirikisho la Soka Tanzania (TFF) liliamua kwamba bado ni mchezaji wao. Sawa kabisa, ahadi aliitoa mwenyewe. Lakini uamuzi ule haukumrudisha uwanjani na jezi ya Yanga. Mwaka 2023 Yanga na klabu ya Azam zilielewana, naye akasaini Azam.

Fei Toto alikuwa na jina na watu wa kumsemea. Mimi namfikiria kijana wa miaka 19 asiye na wakala, anayeambiwa na katibu wa klabu kwamba kesho apande basi, ametolewa kwa mkopo, mshahara atauulizia hukohuko. Anapanda, kwa kuwa wote wanaomzunguka wanaamini hana la kusema. Analo. Adai kwanza karatasi inayotaja klabu zote mbili, muda wa mkopo na nani atamlipa, aisome, ndipo aamue kama anasaini. Isipokuwepo, asipande basi, na katibu asithubutu kumwandika mtoro.